Saa ya Guka Haiombi Chaji

Kila nikiweka video ya saa ya kitambo, kuna msee lazima aje kwa komenti na ile hekima yake: "Nani bado anavaa saa? Simu si inaonyesha wakati bure?"

Sawa, tuanze hapo kwa simu. Kama uliichukua ile ya kulipia mdogo mdogo, unajua vile mambo huenda. Ukikosa kulipa siku kadhaa, skrini inajifunga yenyewe. Hujaibiwa. Simu iko mkononi mwako, imejaa chaji, na huwezi kupiga hata picha. Kuna mtu mahali, hujawahi kumwona, ameamua kwamba leo hiyo simu si yako. Kwa hivyo hilo neno "bure" tulitumie polepole.

Sasa chukua saa ya guka, ile imelala kwa droo pamoja na vitambulisho vya zamani na risiti za duka lililofungwa kitambo. Itikise kidogo. Kama ni ile ya kujijaza yenyewe ukitembea, usishangae mshale wa sekunde ukianza kusonga. Hakuna mtu ameombwa ruhusa.

Msimamo wangu ni huu, na niko tayari kukosana na nyinyi juu yake: kifaa kizuri si kile chenye mambo mengi siku ya kuzinduliwa. Kifaa kizuri ni kile ambacho mambo yake bado yanafanya kazi wakati waliokitengeneza washahama, washafilisika, ama washakusahau. Ukitumia kipimo hicho, saa nyingi za kitambo zinashinda hivyo vitu mnakopa pesa kwa simu ndio mnunue.

Na msifikirie hizi saa zilizaliwa zikiwa za wazee. Wakati wake, hiyo ndiyo ilikuwa teknolojia moto kuliko zote.

Januari 1957, kampuni ya Hamilton ya Marekani ilileta saa ya kwanza ya mkono kuuzwa ikitumia betri. Kabla ya hapo ilikuwa ni springi tu: unazungusha kile kitufe cha pembeni kila asubuhi, ama mkono wako unaijaza ukitembea. Modeli yao moja, Ventura, ilikuwa na umbo la ajabu kama ngao iliyopinda, na Elvis Presley aliivaa kwenye filamu ya Blue Hawaii ya 1961. Hiyo ilikuwa ni drip, bana, hata kabla neno lenyewe halijazaliwa.

Oktoba 1960, Bulova wakaja na Accutron. Hii haikuwa na lile gurudumu dogo la kwenda mbele na kurudi nyuma. Ndani kulikuwa na kijiuma cha chuma, kama kile mwalimu wa kwaya hugonga ndio mpate sauti, kinatetema mara 360 kwa sekunde. Accutron haisemi tik-tak. Ukiiweka kwa sikio inavuma kama nyuki ndani ya chupa. Ilikuwa inakosea kama dakika moja kwa mwezi, na wakati huo hiyo ilikuwa maajabu.

Halafu Krismasi ya 1969, Desemba 25, Seiko wakatoa Quartz Astron kule Tokyo. Ilikuwa inakosea kama sekunde tano kwa mwezi. Bei yake? Yeni 450,000, pesa ambayo Mjapani angenunulia gari dogo jipya. Na 1972 Pulsar ikaingia sokoni: saa ya dhahabu, haina mishale hata mmoja, skrini nyeusi tii. Ukibonyeza kitufe, namba nyekundu zinawaka. Dola 2,100. Roger Moore akiwa James Bond alionyesha Pulsar kwenye Live and Let Die ya 1973, na kila mtu mwenye pesa akaitaka.

Sasa sikiza hii, kwa sababu hapa ndipo mfuko wako unaingia. Zile taa nyekundu zilikuwa zinakula betri vibaya sana, kwa hivyo hazingeweza kuwaka kila wakati. Ndio maana ilibidi ubonyeze. Yaani kuangalia saa ilihitaji mikono miwili! Ukiwa umebeba karai ya mchanga, hujui ni saa ngapi mpaka uitue. Mtu alilipa dola 2,100 kwa saa iliyoshindwa na mzee wa springi kwa kazi moja tu ya maana, yaani kutupa jicho na kujua wakati. Na 1976 Texas Instruments tayari walikuwa wanauza saa ya plastiki yenye taa nyekundu kama hizo kwa chini ya dola 20. Mwaka uliofuata ikashuka chini ya dola 10.

Toa dhahabu kando, bado hiyo ni anguko la kutisha ndani ya miaka mitano. Aliyekimbilia kuwa wa kwanza alilipia majaribio ya kampuni. Aliyengoja alipata kitu kile kile kwa bei ya viatu vya mtumba. Kwa hivyo mtu akikuambia lazima uwe na kifaa kipya mwezi huu, kwa mkopo, ati usiachwe nyuma, mkumbuke yule tajiri wa 1972 akibonyeza kitufe gizani.

Lakini sitaki mfikirie nachukia mambo mapya. Ile saa ya kwatsi ilibadilisha dunia, na namna inavyofanya kazi ni tamu sana. Ndani kuna kipande kidogo cha madini ya kwatsi. Ukikipitishia umeme, kinatetema. Kwa saa nyingi kinatetema mara 32,768 kwa sekunde. Hiyo namba haikuokotwa barabarani. Igawanye kwa mbili, ugawanye tena kwa mbili, fanya hivyo mara 15, na utabaki na moja. Moja kamili. Saketi iliyo ndani ya saa kazi yake ni hiyo tu, kugawanya kwa mbili mara 15 mpaka ipate mpigo mmoja kwa sekunde. Wale mnasema hesabu ya shule haina kazi, iko kwa mkono wa soja wa geti yenu, inafanya kazi usiku kucha bila kusinzia.

Na hiyo hesabu iliumiza watu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya saa vya Uswisi vilikuwa na wafanyakazi takriban 90,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Hao hawakuwa watu wavivu. Walikuwa mafundi bora duniani kwa kazi ambayo kipande cha madini kilianza kuifanya vizuri zaidi kwa bei ya chini. Uswisi ilijitetea baadaye, 1983, kwa Swatch: saa ya plastiki, vipande 51 tu ndani, rangi za kuchekesha, bei ya kijana. Sisi ambao kila siku tunaambiwa kompyuta itachukua kazi zetu, hiyo hadithi tuisome mara mbili. Kuwa hodari hakukuwaokoa. Kilichowaokoa waliobaki ni kukubali kutengeneza kitu cha watu wa kawaida.

Na watu wa kawaida ndio Casio aliwaelewa kuliko wote. Mwaka wa 1974 walitoa Casiotron, saa iliyojua yenyewe mwezi gani una siku 30 na gani una 31. Mwaka wa 1983 ikaja G-Shock. Mhandisi Kikuo Ibe alikuwa amevunja saa aliyopewa na babake, akaamua atatengeneza ile haivunjiki: ianguke mita kumi, ivumilie maji, betri ikae miaka kumi. Alijaribu mifano kama 200, akiiangusha kutoka dirisha la choo orofa ya tatu. Mwaka wa 1984 wakaleta saa inayoweka majina na namba za simu kumi. Leo unacheka, lakini fikiria wakati huo namba zote ziko kwa kijitabu kilicholowa mvua.

Halafu 1989, F-91W. Hii nyote mnaijua hata kama hamjui jina. Plastiki nyeusi, gramu 21, kengele, kipima mbio, tarehe, kataa ka kijani kanakosaidia kidogo sana, na ile "pii" ya kila saa ambayo imewahi kusikika kwa kila chumba cha mtihani nchini. Betri yake inakaa karibu miaka saba. Miaka saba! Saa janja ya bei ghali ukiisahau kuchaji usiku mmoja, kesho ni bangili. F-91W bado inatengenezwa mpaka leo, karibu vile vile. Hawakuibadilisha kwa sababu kazi ilikuwa imeisha.

Sasa tuje kwa zile zilizokufa, kwa sababu hapo ndipo somo liko.

Mwaka wa 1982 Seiko walitoa saa ya televisheni. Kweli kabisa. Skrini ya inchi 1.2 mkononi, na waya unapita ndani ya mkono wa shati mpaka kwa kipokezi kimekaa mfukoni. Ilionekana kwa James Bond ya Octopussy, 1983. Leo ukiipata ikiwa nzima, hautaona picha ya kituo chochote hewani. Japani ilianza kuzima mawimbi ya analogi 2011. Sisi yalizimwa 2015, ule mwaka kila nyumba ilikuwa inatafuta dekoda. Mashine iko sawa, lakini kitu ilikuwa inasikiliza kilinyamaza. Kilichobaki kinafanya kazi ni kipi? Wakati. Saa ndani yake bado ni saa.

Microsoft nao, 2004, walileta saa za SPOT huko Marekani na Kanada. Zilikuwa zinapokea habari na hali ya hewa kupitia mawimbi ya redio ya FM, ukilipa ada. Januari 1, 2012 huduma ikazimwa. Pebble, saa janja iliyopendwa sana, ilichangiwa na watu mtandaoni zaidi ya dola milioni 10 mwaka wa 2012. Desemba 2016 kampuni ikafunga, mali ikaenda kwa Fitbit, na Juni 30, 2018 mitambo yake ikazimwa. Kama si kikundi cha wapenzi wake kinachoitwa Rebble kujenga mitambo yao wenyewe, mambo mengi yangekufa siku hiyo.

Mmeona? Kila kazi ambayo saa inafanya kwa nguvu zake yenyewe, inaishi. Kila kazi inayotegemea mtambo wa mtu mwingine inaishi vile huyo mtu anataka. Calculator ya Casio ya 1980 bado inajumlisha. Habari za SPOT ya 2004 ziliisha kitambo. Ile ya zamani zaidi ndiyo iko hai.

Ndio maana nawapenda Seiko 5. Ilianza 1963, na hiyo tano ilikuwa ahadi: inajijaza yenyewe ukitembea, inaonyesha siku na tarehe kwa dirisha moja, inavumilia maji, kitufe cha pembeni kimefichwa saa kumi ya uso ili kisikukwaruze, na mwili pamoja na mkanda wa kudumu. Nyingi zinaandika siku kwa lugha mbili, unachagua yako. Uliza wazee wa kwenu saa ya kwanza waliyonunua na mshahara, na jina hilo halitachelewa kutajwa. Haina betri. Haina akaunti. Haina nywila ya kusahau.

Na ikiharibika kuna fundi. Unamjua, yule anakaa mlangoni mwa duka la mtu mwingine na kisanduku chake cha kioo, lenzi imebanwa kwa jicho moja. Anafungua kifuniko cha nyuma na anaona tatizo kwa macho yake. Hakuna mtu wa Tokyo alimpa kibali. Saa janja nyingi zimefungwa kwa gundi, betri ikichoka unaambiwa ununue ingine. Wale mafundi mimi huenda kwao, siku nyingi wanashinda wakibadilisha betri na kufupisha mikanda tu, na wanaume wenye umri wa babangu wanajua kupanga magurudumu madogo kuliko punje ya mtama. Hao wakienda bila mtu kujifunza, tutabaki na saa nzuri zisizo na daktari. Hiyo inanisumbua kuliko hadithi yote ya fasheni.

Kuna kitu kingine hizi saa za mishale hufanya, na sijaona ikisemwa vya kutosha. Mshale mfupi ukiwa kwa 9 asubuhi, sisi husema ni saa tatu. Angalia uso wa saa: 3 iko mkabala kabisa na 9. Mshale ukiwa kwa 1, tunasema saa saba, na 7 imeangaliana na 1. Inafanya hivyo kwa kila saa. Yaani kichwa cha mshale kinasoma Kizungu na mkia wake unasoma Kiswahili. Ile saa iliundwa mbali huko na watu ambao hawakutufikiria hata kidogo, na bado inazungumza lugha yetu. Ya namba inakulazimisha utoe sita kichwani. Kama una mdogo wako anachanganyikiwa na saa za Kiswahili, mwonyeshe huo mkia. Dakika tano amemaliza.

Sasa wacha nijibu wapinzani, maana najua mnakuja.

"Saa janja inaokoa maisha." Zile nzuri zilizopimwa, kuna mambo ya moyo zinaweza kugundua, na sibishani na hilo. Lakini ile ya ngiri mbili uliyonunua kando ya barabara, inayodai kupima sukari ya damu bila kukudunga? Februari 2024, FDA ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya saa na pete zinazodai hivyo, kwa sababu haikuwa imeidhinisha hata moja. Kama mamako ana kisukari, hiyo namba ya uongo inaweza kumfanya akose dawa ama azidishe. F-91W haijawahi kumdanganya mtu kuhusu sukari yake.

"Wewe unaabudu mambo ya kitambo." Hapana. Kuna saa za zamani ambazo ziliua watu. Zile namba za kung'aa gizani, kabla ya miaka ya 1960, nyingi zilipakwa radi, madini yenye mionzi. Huko New Jersey na Illinois wasichana wa rika letu walipaka hizo namba wakichonga ncha ya brashi kwa midomo, kwa sababu waliambiwa haina madhara. Mifupa ya taya ikaanza kuoza. Wengine walikufa. Wanawake watano walishtaki kampuni New Jersey na wakalipwa fidia 1928, wakiwa tayari wagonjwa. Nguvu ya radi hupungua nusu baada ya miaka kama 1,600, kwa hivyo hata kama namba zimeacha kung'aa, sumu bado iko. Ukipata saa ya zamani sana yenye namba zilizogeuka rangi ya chai, usiifungue nyumbani na usikwaruze. Kila kizazi kina kitu kinachong'aa ambacho kampuni inasema hakina shida.

"Hizo saa zimekuwa ghali." Zile mashuhuri, ndiyo. Na kuna wajanja wanapaka uso wa Seiko 5 rangi mpya za kuwaka halafu wanakuuzia ati haijaguswa. Kwa hivyo usinunue kwa picha. Nenda na fundi, ifunguliwe, muangalie ndani pamoja. Lakini kumbuka saa nzuri kuliko zote pengine hautainunua. Iko kwenu.

Kwa hivyo, kabla ya kukopa kwa kifaa chochote, jiulize mambo matatu. Intaneti ikikatika, inabaki ikifanya nini? Ikiharibika, kuna mtu hapa mtaani anaweza kuifungua? Kampuni ikifunga kesho, mimi nabaki na nini mkononi? Kama majibu ni hakuna, hapana na hakuna, basi hiyo si mali, unaikodisha tu. Kukodisha si dhambi, lakini usilipie bei ya kumiliki.

Na wikendi hii ukienda ushago, uliza hiyo saa iliyo kwa droo ni ya nani kabla mtu hajaitupa. Uliza ilinunuliwa wapi, kwa mshahara wa kazi gani, na kwa nini iliwekwa kando. Halafu ipeleke kwa fundi akiwa bado yuko. Ikianza kutembea, niwekee picha kwa komenti. Yule msee wa "simu inaonyesha bure" nitamjibu nayo.